Nani Amleaye Mlezi?

Wazee husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii ina hekima, lakini mara nyingi hugeuzwa fimbo. Mtoto mdogo akipiga wenzake au akilia bila kukoma, majirani hawakawii kutoa hukumu: mama yake hakumfunza. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Mtoto mchanga hajui kusoma kitabu, ila husoma uso wa mlezi wake. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa Marekani aitwaye Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wawatazame kwa dakika chache bila kutabasamu wala kusema neno. Watoto walijaribu kuwaamsha mama zao kwa tabasamu, sauti na mikono. Juhudi zao zilipokosa jibu, waligeuza nyuso zao kando kwa unyonge. Ikiwa dakika chache zaweza kumfadhaisha mtoto hivyo, itakuwaje mlezi wake akifunikwa na huzuni kwa miezi mingi?

Hata hivyo, lawama isihamishiwe kwa mama. Sonona ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, hapana auchaguaye. Mgonjwa wa moyo huo aweza kumpenda mwanawe kwa dhati, lakini akakosa nguvu ya kumchekea na subira ya kumsikiliza. Mtoto naye, kwa kuwa hana maneno ya kueleza fadhaa yake, huieleza kwa ukaidi na kilio. Si kila ukaidi hutoka hapo, lakini huu nao ni mlango wa kuchunguzwa kabla ya fimbo kuinuliwa.

Dawa ipo. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitoa habari za watoto wa miaka 7 hadi 17 ambao mama zao walitibiwa sonona. Baada ya miezi 3, matatizo ya akili na mwenendo yalikuwa yamepungua kwa watoto ambao mama zao walipona. Tiba ya mmoja ilikuwa faraja ya wawili.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana tunauona mwepesi. Basi kijana amwonapo mama, baba, nyanya au yaya aliyeelemewa, na ampokee mtoto kwa saa moja, amsikilize, tena amshauri aende zahanati bila haya. Atakaye mtoto mwema na aanze kwa kumtunza amtunzaye.