Kitu Kisichotengenezwa Tena

Mtu anayekusanya vitu ambavyo havitengenezwi tena, anapenda vitu vyenyewe, au anapenda kwamba wenzake hawanavyo? Swali hili laweza kuonekana la mzaha. Kwangu limekuwa zito, na ningependa tulipime pamoja, msomaji wangu.

Ninaishi Tengeru, na nyumbani ninalo kabati lenye viko tisa. Sivuti tumbaku, wala simshauri mtu aivute. Navipenda viko hivyo kwa sababu vilichongwa Arusha, kwa jiwe la mkoa huu huu. Kule Sinya, katika nyanda kame za Longido zinazopakana na Amboseli ya Kenya, ardhini mna jiwe jeupe na jepesi ambalo wataalamu wa madini huliita sepiolaiti. Wajerumani waliliita Meerschaum, maana yake povu la bahari, na jina hilo ndilo lililoenea duniani. Jiwe hili lina vitundu vidogo mno, hivyo hunyonya unyevu na lami ya tumbaku, na moto hauliunguzi. Sifa yake kubwa iko Eskişehir, nchini Uturuki. Lakini katika miaka ya 1950 lilichimbwa na kuchongwa huku kwetu pia, na viko vya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha vikauzwa hadi ng'ambo. Vingi vilipigwa chapa ya tembo na neno moja tu la Kiswahili: Kiko. Vingine vilivishwa ngozi bakuli zima, vikapendeza kushika.

Kazi hiyo ilikoma. Tanganyika iliyokuwa katika jina la kampuni iliungana na Zanzibar mwaka 1964, na baadaye kampuni nayo ikatoweka. Viko vimebaki mikononi mwa watu, wengi wao Ulaya na Marekani, ambao huvitafuta, huvisafisha na kuviuza. Miongoni mwao, kiko ambacho hakijawahi kutiwa moto huthaminiwa kuliko kilichovutwa. Hapo mimi husita kidogo. Kiko kisichovutwa ni chombo ambacho hakikufanya kazi yake hata siku moja, nasi twakiheshimu kwa sababu hiyo hiyo!

Jambo hili si la viko peke yake. Wako wanaokusanya rivolva za Kimarekani, zile ambazo lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Kampuni ya Colt ilianza kutengeneza yake mashuhuri mwaka 1873, ikaacha wakati wa Vita Kuu ya Pili ulipowadia, kisha mwaka 1956 ikaanza upya. Wakusanyaji walifanya nini? Walizigawa kwa vizazi: za kizazi cha kwanza na za kizazi cha pili. Tangu hapo swali la kwanza la mnunuzi likawa bastola hii ni ya mwaka gani. Ubora wa chuma huulizwa pia, lakini baadaye.

Nadhani mgawanyo huo unatuonyesha kwamba katika kabati la mkusanyaji zimo mali mbili zilizochanganyika. Ya kwanza ni ubora: jiwe limechongwa sawasawa, tundu la moshi limefika pale linapopaswa kufika, mkono unaridhika. Mali hii haipungui hata kama vingetengenezwa vingine elfu. Ya pili ni uadimu. Hii ilizaliwa siku kiwanda kilipofungwa, yaani siku mafundi walipokusanya vifaa vyao na kurudi majumbani kwao bila kazi. Faida yangu ilianzia kwenye hasara yao. Hilo halinifanyi mwizi, kwa maana si mimi niliyewafungia. Lakini lanitaka nijiulize ninatamani nini kuhusu kesho.

Swali hilo lilinijia likiwa na miguu miwili. Kijana mmoja wa hapa Tengeru, mchonga vinyago vya mpingo, aliviona viko vyangu akaniomba kimoja. Alitaka akikate katikati kwa msumeno, toka juu hadi chini, aone jinsi njia ya moshi inavyokutana na bakuli. Nilimpa kile chenye ufa. Akakigeuza-geuza, akanirudishia kwa adabu. "Shikamoo mzee, lakini hiki kitanifundisha kilivyovunjika tu," alisema. "Naomba kile kizuri."

Mwenzangu mmoja anayekusanya vitu vya kale alinisihi nikatae. Hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Alisema kilichobaki ni kidogo, na ukikata kimoja hakuna wa kukurudishia. Akasema pia kwamba kijana akifaulu, kesho wachuuzi watawauzia watalii viko vipya kwa bei ya vya zamani, na ukweli wenyewe utapotea. Mhifadhi, alisema, ni mlinzi wa mlango.

Nililala na maneno hayo siku kadhaa. Mwishowe niliona kwamba hoja ya pili ina dawa yake: fundi na aige mkono, asiige chapa. Tembo abaki kwa waliomchonga, na kijana aweke alama yake mwenyewe. Kuhusu hoja ya kwanza, sikupata dawa. Ni kweli, kiko kikikatwa kimekatwa. Lakini niliuliza: ninakilinda kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya wajao, basi mmoja wao amekwisha kuja, amesimama mlangoni, na kumwambia asubiri ni kumwambia kwamba wajao wa kweli hawatafika kamwe.

Basi nikampa kile kizuri. Kilikatwa. Kiko chake cha kwanza, cha mti, kiliungua upande mmoja, na cha pili hakipitishi moshi vizuri. Pengine hatafaulu, na mimi nitakuwa nimepunguza idadi bure. Nimelikubali hilo.

Tangu hapo nimepata kipimo ambacho nakutolea nawe, uwe unakusanya sarafu, kanga za zamani, redio au saa. Fikiri kwamba kesho asubuhi unaambiwa kiwanda kimefunguliwa tena, mafundi wameajiriwa, na kazi ni nzuri kama ile ya awali. Angalia kitu cha kwanza kinachopita moyoni mwako, kabla hujapata nafasi ya kukipamba. Ukifurahi, ulipenda kazi ya mikono yao. Ukihuzunika, hapana budi uchunguze upya ni nini hasa ulichofungia kabatini.