Kijumbe, Chukua Fomu!

Nani kakwambia siasa ina wenyewe? Shuka daladala Mnazi Mmoja usome jina la barabara inayopita kando ya viwanja: Bibi Titi Mohamed. Mtoto wa Dar es Salaam hii hii, aliyezaliwa mwaka 1926, mwimbaji wa ngoma, na masomo yake hayakuvuka shule ya msingi.

Chama cha TANU kilizaliwa Julai 1954 mtaa wa New Street, leo Lumumba, ng'ambo tu ya viwanja hivyo. Mwaka uliofuata akaja mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa chama cha Labour, akawauliza viongozi: wanawake wenu wako wapi? Swali likawabana. Makarani walikuwapo, wafanyabiashara walikuwapo, lakini kitengo cha kina mama hakikuwapo. Ndipo akatafutwa Titi, ambaye kadi ya chama alikwisha kuichukua.

Hapa nakuomba utulie kidogo. Titi hakuanza kusaka watu, maana watu alikuwa nao. Aliongoza uimbaji katika kikundi cha ngoma, na wakubwa wa vikundi vingine vya mjini wakimjua. Akawaendea hao, nao wakawaita wenzao. Kwa miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakajiunga na TANU. Imani ya wanawake hao kwa Titi ilijengwa kwenye harusi na misiba, zamani kabla chama hakijawa na jina.

Sasa wewe, dada yangu, kijumbe wa mchezo pale Kariakoo. Daftari lako lina alama za mafuta ya chipsi, jalada limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Unajua nani katoa, nani kafiwa, na nani hapokei simu mpaka umpigie kwa namba ngeni. Watu wanakukabidhi fedha zao bila mwanasheria wala mhuri. Halafu ukiambiwa gombea uenyekiti wa mtaa unajibu, "Mimi sijasoma!" Sheria inataka ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Shahada hakuna aliyekuomba.

Sikudanganyi kwamba njia ni laini. Titi alikuwa mbunge wa Rufiji, naibu waziri, mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa wanawake, UWT. Mwaka 1965 akaangushwa ubunge. Azimio la Arusha la 1967 likawakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa nazo, akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Mwaka 1969 akakamatwa kwa tuhuma za uhaini, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, 1972 Rais Nyerere akamsamehe. Kesi ile wanahistoria waendelee kubishania. Mimi nampendea lile la 1967: kujifanya anakubali kungemlindia cheo, naye hakujifanya. Alifariki mwaka 2000.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja kuwasikiliza hapo hapo Mnazi Mmoja. Vyema. Lakini mtaro ulioziba, taa ya barabarani iliyokufa na jalala linalofurika mtaani kwenu havitangoja mpaka maduka yafungwe tena. Mambo hayo huanzia kwenye ofisi ya mtaa, yakapanda hadi kwa diwani, na viti vya huko vinakaliwa na mtu aliyechukua fomu. Mara nyingi ni mtu mwenye watu wachache kuliko wewe.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024. Ujao ni 2029. Usiseme ni mbali. Mkutano wa mtaa unaoishi, uwe Mchikichini au Buguruni, nenda ukae mbele, uliza mapato na matumizi. Wakikuzungusha, uliza tena mkutano ujao. Utahitaji chama cha kukudhamini, basi kichague mapema, wakuzoee, wakuone ukifanya kazi. Na siku ya kupokezana fedha, kabla hujafungua daftari, watangazie wenzako wa mchezo kwamba unagombea, na uwagawie kazi.