Israfu na Mpira wa Maji

Katika fikra za Kiislamu, israfu, yaani kutumia kitu kupita haja hata kikiwa halali, haipimwi kwa wingi wa kilichopo, kwani imepokewa na Ibn Majah kwamba Mtume Muhammad alimkanya sahaba wake Saad asifuje maji ya udhu, hata akiwa kando ya mto unaotiririka. Kwa hiyo anayesuuza gari nyumbani kwa mpira unaoweza kujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili hawezi kujitetea kwamba bili ameilipa. Inampasa aanzie kwenye paa akishuka hadi magurudumu, ili maji yaleyale yachukue na vumbi la chini, na afunge koki kila anaposugua, kwa kuwa maji ni amana, yaani kitu alichokabidhiwa kwa niaba ya wengine.