Silaha Inayojifyatua

Mwaka 2021 Luca Galante alitoa Vampire Survivors, mchezo ulioanza kwa kuchezwa kwenye kivinjari. Humo silaha hujifyatua zenyewe. Wewe unasogea tu, na ukifa unaanza upya. Michezo ya namna hiyo imeongezeka, mingine ikijaza nyuso za utani wa mtandaoni badala ya mazimwi.

Nani basi anaua? Ni rahisi kujibu: programu. Lakini wewe ndiye unayechagua pa kusimama, na wewe ndiye unayechagua silaha ya kuongeza.

Utani wenyewe husambaa vivyo hivyo. Kabosu, mbwa wa Japani aliyepigwa picha mwaka 2010 akawa Doge, alifariki mwaka 2024 bila kujua kwamba dunia ilimcheka. Binadamu hujua. Anaiona sura yake ikipita kundi hadi kundi, na kila aliyeisambaza anajitetea: “Mimi nimefowadi tu.”

Ndivyo asemavyo mchezaji: nimesogea tu. Kweli, mtandao ndio unaofyatua. Ila kwenye mchezo anayeanguka hana mama, wala hahitaji kwenda shule kesho asubuhi.