Woga Wenye Kufichwa

Je, mtu mwenye kuficha woga wake ni shujaa? Wazee wetu wa Kivu walifundisha kwamba mwanaume halii mbele ya watu. Fundisho hilo lilikuwa na sababu: mkubwa akitetemeka, nyumba nzima inatetemeka.

Lakini tuangalie vizuri. Hapa Goma, Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Watu walikimbia, na hakuna aliyewacheka. Woga wa namna hiyo unalinda uzima. Kuko mwingine wenye kubaki hata hatari ikiisha kupita: usingizi unakosekana, moyo unapiga mbio bila sababu, miezi na miezi. Mwenye woga huo ndiye tunamwambia: «Jikaze!» Akisema wazi, banasema amelogwa ao hana imani.

Desturi yetu iko na dawa: barza. Pale deni, ndoa na mashamba vinazungumzwa, na mwenye kusema hakatwi maneno. Sababu gani woga ukose kiti? Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Ushujaa si kunyamaza. Ni kumwambia mtu mwenye kutunza siri, kisha kwenda kwa munganga. Na sisi wenye kusikia, tusicheke.