Kitufe Kilichoandikwa "Nunua"

Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft ilizima seva za gemu yake ya magari, The Crew. Gemu hiyo ilitoka Desemba 2014, na sifa yake kubwa ilikuwa ramani: Marekani nzima, imefinywa lakini imeungana, unatoka na gari lako Miami mpaka Los Angeles bila kukutana na ukuta. Ukitaka kushindana na wenzako, sawa. Ukitaka kuendesha peke yako usiku, na wapo wengi waliokuwa hawafanyi kingine zaidi ya hicho, sawa pia. Lakini hata ukiwa peke yako gemu ilidai intaneti muda wote, kwa sababu kipande chake kilikuwa kinakaa kwenye kompyuta za kampuni, si kwako. Seva zilipozimwa ikafa yote. Hata yule aliyeinunua dukani, kwenye diski, ndani ya kasha lake la plastiki, akabaki na kisahani cha kuwekea kikombe.

Najua hapa tunaongea vitabu. Najua pia wapo wasomaji ambao neno "gemu" likitajwa wanaona watoto wa darasa la sita waliotoroka tuisheni. Naomba mnivumilie, maana swali ninalolitaka ni la kwenu kabisa: mtu akinipa pesa yake, nikapokea, nikamwambia "umenunua", nimemwahidi nini?

Na vitabu vimeshapita njia hiyo. Mwaka 2009 watu waliokuwa wamenunua riwaya za George Orwell, 1984 na Animal Farm, wakazisoma kwenye vifaa vya Kindle, waliamka wakakuta hazipo. Amazon ilikuwa imegundua kwamba aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza Marekani, basi ikazifuta, mpaka ndani ya vifaa vya wateja. Pesa ilirudishwa. Baadaye Jeff Bezos akaomba radhi hadharani. Watu walicheka sana kwamba kitabu kilichopotea usiku ni kile cha serikali inayofuta maandishi, na ni kweli inachekesha, lakini kicheko kile kilitusahaulisha jambo lenyewe. Mimi nina Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere, imechakaa, jalada linashikiliwa na selotepu. Hata ikithibitika kesho kwamba aliyeniuzia pale barabarani aliipata kwa njia za panya, hakuna mtu wa kuingia chumbani kwangu usiku akaichukua na kuniachia noti mezani. Akifanya hivyo tunamwita mwizi, hata kama noti imezidi bei.

Kuna kesi ya zamani ambayo naipenda. Kampuni ya vitabu ya Marekani, Bobbs-Merrill, ilitoa riwaya iitwayo The Castaway, ikachapisha ndani onyo kwamba hakuna muuzaji anayeruhusiwa kuiuza chini ya dola moja, na atakayefanya hivyo anavunja hakimiliki. Duka kubwa la Macy's likaiuza kwa senti 89. Wakafikishana Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1908 mahakama ikasema: ukishaiuza nakala, mamlaka yako juu ya nakala ile yamekwisha. Haki ya kuchapisha ni yako. Lakini kitabu kilichokwenda, kimekwenda. Aliyekinunua atakiuza kwa bei atakayo, atamwazima shemeji, atafungia karanga.

Kila ninachokiita fasihi kimetembea juu ya kanuni hiyo, hata huku kwetu ambako hakuna aliyewahi kuisikia kesi yenyewe. Vitabu vya Shaaban Robert nilivisoma kwa kuazima. Sidhani niko peke yangu.

Sasa chukua kipimo cha kawaida kabisa cha mali, kile ambacho bibi yangu angekielewa bila wakili. Kitu ni changu kama naweza kukiazimisha, kukiuza, kukiweka rehani, na nikifa wanangu wakakigombania. Gemu uliyoinunua Steam haifiki hata hatua ya kwanza. Huwezi kuiuza. Akaunti huwezi kumhamishia mtu mwingine, na masharti hayana mlango wa mirathi. Mtu anaweza kutumia miaka 20 akijaza maktaba ya gemu 500, na siku anayozikwa, kwa mujibu wa karatasi, maktaba ile haina mrithi. Najua watu wanaandikiana neno la siri kwenye daftari. Hiyo ni hekima ya nyumbani, sheria haiitambui.

Makampuni yana jibu. Wanasema hatukukuuzia gemu, tumekuuzia leseni ya kuitumia, na ulikubali mwenyewe ulipobonyeza "Nakubali". Ni jibu la kweli kisheria, sehemu kubwa. Ndilo Ubisoft walilolipeleka mahakamani California waliposhtakiwa kwa ajili ya The Crew. Lakini kuna mtu aliyewahi kuyasoma masharti yale mpaka mwisho? Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kusoma nyaraka zinazochosha, na nakiri yananishinda. Halafu angalia jinsi maneno yalivyogawanywa. Neno "nunua" limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kitufe cha rangi, na neno "leseni" limefichwa kwenye kurasa 30 za kijivu. Kama kweli biashara ni ya leseni, kwa nini kitufe hakisemi hivyo? Wanajua kwa nini. Neno "nunua" lina thamani, na ile bei ya dola 60 au 70 inatokana na neno hilo. Wanatoza bei ya kuuza halafu wanatoa huduma ya kukodisha.

Huku mtaani tofauti hiyo tunaijua vizuri sana. Dereva wa bodaboda wa Dar anajua kama pikipiki anaiendesha kwa hesabu ya siku au yuko kwenye "mkataba". Kwa hesabu, anampelekea tajiri pesa yake jioni na pikipiki inabaki ya tajiri milele. Kwa mkataba, anapeleka kila siku mpaka tarehe waliyoandikiana, kisha inakuwa yake na kadi anakabidhiwa. Mwambie dereva wa mkataba siku ya mwisho kwamba ulichokuwa unalipia ni "ruhusa ya kuendesha". Utaona kitakachotokea hapo kijiweni.

Na kibanda cha gemu, kile chenye runinga tatu, pedi zilizofungwa mpira wa manati na kijana anayekusanya mia tano tano, naona kina maadili safi kuliko duka la mtandaoni. Unalipia mechi moja, unacheza mechi moja, ukifungwa unampisha anayesubiri. Hakuna aliyekudanganya kwamba runinga ni yako. Kukodi si dhambi. Sina ugomvi na kampuni inayotoa gemu mia kwa ada ya mwezi na kusema wazi kwamba ukiacha kulipa mlango unafungwa.

Pamoja na hayo, upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya leseni, na ningekuwa mvivu nisipoisema. Seva inakula umeme, inataka wahandisi, inataka ulinzi dhidi ya wezi wa mtandao. Gemu ya miaka kumi ina wachezaji wachache. Kwa haki gani mtu aliyelipa mara moja mwaka 2014 adai kampuni imtunzie barabara zake mpaka kiama? Isitoshe, kuna vitu ambavyo uzuri wake ni kupita. Ukilipa kiingilio cha usiku wa taarabu, bendi ikafunga vyombo saa tisa, hujaibiwa. Huwezi kwenda asubuhi kudai wimbo wako. Labda gemu nyingine ni kama usiku ule: umati ulikuwepo, ulifurahi, umeondoka, na hata seva ingebaki usingeupata tena.

Hoja hii nimekaa nayo muda mrefu, na naikubali nusu. Naikubali kwa gemu ambayo watu ndiyo mchezo wenyewe. Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024, wachezaji hawakuja, na tarehe 6 Septemba ikafungwa. Wiki mbili! Lakini kila aliyenunua alirudishiwa pesa. Hapo sioni dhuluma. Bendi haikupiga, kiingilio kimerudishwa.

The Crew haikuwa hivyo. Barabara ya kutoka Miami haikuhitaji umati. Ilihitaji kompyuta ya kampuni kwa sababu kampuni iliamua ihitaji, na anayeufunga mlango kwa kufuli lake mwenyewe hawezi kusema gharama ya ufunguo ndiyo inayomzuia kuufungua. Hakuna aliyedai seva ziwake milele. Ombi la kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott mwaka 2024, ni dogo kuliko linavyosimuliwa na wapinzani wake: siku mnayoamua kuondoka, iacheni gemu katika hali ya kuchezeka. Ondoeni kufuli, au watoleeni watu programu ya seva waiendeshe wenyewe. Na kwamba kuuza bila kufuli kunawezekana halina ubishi. GOG, duka la huko Polandi, limekuwa likiuza gemu tangu mwaka 2008 kwa njia ambayo unapakua faili la kusakinishia, unaliweka kwenye flashi, na habari ya duka imeishia hapo.

Sehemu inayonisumbua zaidi ni nyingine. Kwenye vibanda vyetu, na kwenye simu za vijana, zimejaa gemu za kuchomwa. PES za miaka iliyopita ambazo mafundi wasiojulikana wamezichokonoa wakatia jezi za Simba na Yanga. Hakuna hata moja iliyolipiwa kwa mwenyewe Konami. Na zipo. Zinafanya kazi leo na zitafanya kazi mwaka 2040 kama pedi itapatikana. Konami hao hao mwaka 2014 walitoa P.T., gemu fupi ya kutisha ya Hideo Kojima na Guillermo del Toro, ya bure, wakaiondoa dukani mwaka uliofuata; walionayo leo ni wale ambao hawakuifuta kwenye mashine zao, na waliotafuta njia za pembeni. Kwa hiyo mwaminifu, aliyetoa kadi yake, akavuta GB 50 kwa bando la kuunga-unga, anabaki na picha ndogo kwenye orodha isiyofunguka, na mwizi anabaki na gemu. Sisemi wizi umehalalika. Watu wale waliotengeneza wanakula kwa jasho lao kama mimi ninavyotaka kula kwa langu, na makala zangu zikinyofolewa huwa nakasirika. Lakini utaratibu wa biashara unaomfanya mwaminifu aonekane mjinga mbele ya mwanawe una kasoro ambayo mawakili hawawezi kuiziba. Na anayeuharibu uaminifu huo wa kwanza, ule wa mteja aliyelipa, asishangae wateja wa pili wakija mikono mitupu.

Kuna na suala la kumbukumbu. Video Game History Foundation ilitoa utafiti mwaka 2023 ikasema asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni. Riwaya isiyochapwa tena unaweza kuikuta Kariakoo chini ya rundo, au kwa mwalimu mstaafu. Gemu iliyofungwa kwa kufuli la seva haina mwalimu mstaafu.

Sheria zimeanza kusogea, kwa mwendo wa sheria. California ilipitisha mwaka 2024, na ikaanza kutumika 2025, sheria inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Steam wakaweka tangazo kwenye kikapu cha malipo. Ni afadhali, angalau mbuzi tunamwona miguu kabla gunia halijafungwa. Mimi ningetaka na tarehe. Maziwa yana tarehe. Kodi ya nyumba ina tarehe. Kasha la gemu liandikwe: itafanya kazi angalau mpaka mwaka fulani. Halafu tuone wangapi watalipa dola 70. Ulaya, ombi la wananchi kuhusu jambo hili lilivuka sahihi milioni moja Julai 2025, kwa hiyo Tume ya Ulaya inalazimika kulijibu, ingawa kujibu na kutenda si kitu kimoja.

The Crew yenyewe imefufuka, kwa namna yake. Mwaka 2025 kundi la mashabiki lilitoa programu yao, The Crew Unlimited, waliyoijenga kwa kuchunguza jinsi seva za zamani zilivyokuwa zikiongea na gemu. Walifanya bure, baada ya kazi zao za mchana. Ukiwa bado na mafaili ya gemu, unaweza leo kutoka Miami usiku, peke yako, ukaelekea magharibi.