Jiwe Jeusi Chini ya Nyumba

Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, Kongo, mtu mmoja alichimba uani kwake, kwenye udongo mwekundu ulio laini. Chini akakuta jiwe jeusi. Siri haikudumu. Punde mashimo yakafunguliwa nyuma ya nyumba, chini ya maturubai, hata ndani ya vyumba, na familia zikawa zinalala juu ya visima vikavu vyenye kina cha mwembe mzima. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, na waliokuwa wakiishi humo wakahamishwa.

Jiwe lile ni heterojenaiti, nalo lina kobalti, madini ya betri za simu na magari ya umeme. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa katika ukanda huu wa Lualaba na Haut-Katanga. Hayo yamesemwa sana. Mimi nataka kusema lilikotoka, kwa sababu kila nikilifikiri hunijia hamu ya kuvua viatu, kama aliye mahali patakatifu.

Zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, hapa palikuwa na bahari ya kina kifupi. Hapakuwa na samaki, wala jani, wala mdudu. Palikuwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vimetanda chini ya maji kama utelezi juu ya jiwe la mtoni, na kila tabaka lilipofunikwa na tope, tabaka jingine liliota juu yake. Alama za kazi yao zimo hadi leo katika miamba ya Kolwezi inayobeba madini. Baadaye maji ya chumvi yalipenya humo yakiwa na shaba na kobalti, ardhi ikasukumwa na kukunjwa, kisha mvua za vizazi visivyohesabika zikashuka kwenye nyufa. Kwa maji na hewa, shaba ikageuka malakaiti ya kijani, kobalti ikawa jiwe jeusi. Mvua ileile inayotuoteshea uyoga msituni ndiyo iliyofanya kazi hiyo, polepole, mahali ambapo hapakuwa na jicho la kuitazama.

Nimesikia ikihubiriwa kwamba Mungu aliwawekea watu wa Kasulo utajiri chini ya vitanda vyao, basi mwenye imani ashuke, hatadhurika. Siwezi kuitikia amina. Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, kwa kuwa malaika watamdaka. Yesu alikataa. Kumtegemea Mungu si kumjaribu, na shimo lisilo na nguzo ni kinara kilichogeuzwa kichwa chini. Waraka kwa Waebrania unamsifu Nuhu kwa imani, na imani ya Nuhu ilionekana katika mbao na lami.

Wachimbaji wenyewe wanaijua imani iliyo bora kuliko mahubiri yale. Anayeshuka huiacha kamba mikononi mwa mwenzake aliye juu. Hamwoni tena, anaona duara la mwanga likipungua ukubwa. Uzito wake wote uko kwa mtu asiyemwona. Imani, amini, amana, uaminifu, amina: maneno haya yote ni ya mzizi mmoja, na ndani yake mna wazo la kitu imara kinachoweza kubeba. Mkristo anaposema anamwamini Mungu, anasema hasa ameegemeza uzito wake wapi. Ndiyo maana aliyeshika kamba hawezi kuwa mlevi, na anayeshuka hana budi kuikagua.

Sura ya 28 ya Ayubu yote ni kama imeandikwa kwenye mdomo wa shimo. Inaeleza watu wanaotoboa njia mbali na makazi, wanaoning'inia gizani, wanaotoa shaba katika jiwe. Kisha inauliza hekima inachimbwa wapi. Kilindi kinajibu kwamba hakinayo, na bahari vilevile.

Kilindi cha Kasulo nacho hakikutoa hekima, kilitoa jiwe na vumbi lake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza walichokipima Kasulo: kobalti ilikuwa nyingi katika miili ya wakazi, na watoto ndio waliokuwa nayo zaidi. Vumbi la sebuleni lilikuwa limeingia ndani yao. Nilihuzunika, na bado nahuzunika. Lakini jambo hilo lilinifunza ajabu ambayo sikuijua: hakuna binadamu anayeishi bila kobalti. Katikati ya kila molekuli ya vitamini B12 imekaa atomu moja tu ya kobalti, kama kito katika pete. Bila vitamini hiyo damu haitengenezeki vizuri na mishipa ya fahamu hudhoofika. Mwili hauwezi kuiunda, na mimea haiiundi. Ni bakteria na jamaa zao wadogo tu wanaojua kuifuma. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 za vitamini hiyo kwa siku, kiasi ambacho ukikiweka kwenye ncha ya sindano utakiona kwa shida. Lakini kobalti ikizidi mno, kama ile ya vumbi la sebuleni, hudhuru. Aliyeijaza ardhi ya Kolwezi kobalti aliipimia damu yetu punje isiyoonekana, na akaikabidhi kwa viumbe wadogo, wa namna ya wale waliotanda katika bahari ya kale.

Jioni mchimbaji anapanda, ananawa tope jekundu hadi kwenye viwiko, anaketi. Mkewe anateremsha bukari, yaani ugali, na dagaa, na watoto wanasogea. Anashukuru kwa sauti ya chini, kisha anamega tonge. Ndani ya dagaa wale mna kobalti yake ya leo, iliyomfikia bila gunia, bila mizani, bila mnunuzi.